Mara Kumi na Moja kwa Dakika

Nani kaachika, nani kaoa kimyakimya, nani kauza shamba la Mwamkulu bila kumwambia mkewe: habari zote za Makanyagio zilipita kwanza kwenye genge la dagaa la Marsela, ndipo ziwafikie wenyewe. Kwa hiyo nimonia ilipomlaza hospitali wiki tatu, akarudi nyumbani na mapafu nusunusu, kilichomuuma zaidi hakikuwa kifua. Ni kukaa mbali na genge.

Ijumaa ile dokta wa mazoezi, Shukuru, alipiga simu ya video kutoka Mbeya kumpima pumzi. Akifaulu, Jumatatu anarudi gengeni. Kipimo chenyewe hakina maajabu: unakaa kitini, mikono kifuani, unainuka, unakaa, unainuka, unakaa, dakika nzima, na mtu kakushikia simu ili dokta akuone mwili mzima. Siku zote mshikaji ni binti yake, Josephina. Sasa Josephina yuko Usevya kwenye mavuno ya mpunga, na aliyeleta simu ni mumewe, Evarist.

Mkwe! Kwenye ukoo wa Marsela, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani. Wanasalimiana mmoja ndani, mwingine nje. Leo ainuke na kukaa, kanga inamvuka, anahema mdomo wazi, mbele ya mume wa mwanawe?

"Basi nikuitie Mama Salima akushikie?" Evarist aliuliza kutoka nje.

"Mama Salima? Thubutu!" Mama Salima ni shoga yake wa kufa na kuzikana, ndiyo maana anamjua. Akiona pumzi inavyokatika, saa nne haifiki soko zima halijajua. Mwenyewe Marsela angefanya vilevile. "Weka simu hapo mlangoni, mkwe. Nitajipima."

Akaichukua, akabonyeza palepale alipomwonaga Josephina akibonyeza. Picha ikazimika.

"Dokta, picha imegoma, netiweki ya huku unaijua. Wewe angalia saa tu, mie nahesabu."

"Haya mama, anza!"

Hakunyanyua hata kisigino. Alikaa na kuhesabu, akijitia kuhema hapa na pale, mpaka thelathini na mbili.

"Thelathini na mbili!" Shukuru alipiga makofi. "Mama Josephina, mwezi uliopita ulifika tisa! Hongera sana. Basi Jumatatu..."

Nje mtu akakohoa.

"Samahani, dokta, ni mkwe hapa. Hicho kiti kina mguu mbovu. Mtu akiinuka kinalia mpaka huku nje. Leo hakijalia hata mara moja."

Marsela alitamani ardhi ipasuke. Yeye aliyewaumbua watu kwa miaka, leo kaumbuliwa na kiti.

"Unisamehe, mama," Evarist akaendelea, sauti chini. "Siku ile ulipozidiwa, Josephina alilia hadi sauti ikamkauka. Habari ile siwezi kumpelekea mara ya pili."

Akaingia kinyumenyume, akanyoosha mkono nyuma apewe simu, akaiwasha picha. Uso kauelekeza ukutani, simu kaipandisha begani, kamera ikitazama nyuma. "Dokta, unamwona?"

"Namwona. Shusha kidogo. Hapohapo."

Marsela akainuka. Kiti kikalia. Mara ya tano kifua kilianza kumpigia filimbi. Mara ya saba kanga ilianguka, hakuwa na nguvu ya kuiokota, akabaki na gauni lake la kulalia. Alihema, alikoroma, akatema mate pembeni, na yote hayo mkwe alikuwa anayasikia, hatua tatu tu mbele yake, shingo imemkakamaa kwa kutogeuka.

"Muda!" Shukuru alisema. "Kumi na moja. Mama, genge bado. Ungebeba ndoo ya dagaa Jumatatu, ungeanguka palepale."

"Nimekudanganya, dokta."

"Najua, mama. Pumzika. Ijumaa ijayo tunapima tena. Nani atashika simu?"

Mpunga wa Usevya hauishi leo wala kesho. Marsela aliutazama mgongo wa mkwewe, shati limelowa jasho kama aliyekuwa anapimwa ni yeye. Akaokota kanga, akajifunika mpaka kichwani.

"Mkwe," alisema, macho sakafuni. "Ijumaa utakuwa na nafasi?"

"Nitakuwepo, mama," Evarist akauambia ukuta.