Masikio ya Wifi Zinovia

Genge la reli la stesheni ya Salcia, kaskazini mwa Moldova, lilikuwa na wanawake tisa na mwanamume mmoja. Mwanamume ndiye aliyekuwa mnyapara, Bwana Tihon, na kazi yake ilikuwa kupima kwa jicho na kulaumu kwa mdomo. Wanawake ndio waliobeba reli, wakang'oa mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, wakashindilia kokoto, na theluji ilipoanguka wakaifagia njia kama mtu afagiavyo ua wake, ila ua huu ulikuwa wa kilomita kumi na mbili.

Hapakuwa na ulimi mkali gengeni kama wa Zinovia. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mabega mapana, mkono wa kushoto wenye vidole vinne. Cha tano kilibaki chini ya reli mwaka alioanza kazi, vita vilipokwisha na wanaume wa kuifanya hawapo. Kaka yake Anton ndiye aliyemwoa Eufrosina, kisha akafa kwa ugonjwa wa kifua, akamwachia mkewe nyumba inayovuja. Arobaini ilipokwisha, Zinovia alibisha hodi na kizibao cha rangi ya chungwa mkononi, akamtupia mjane mapajani.

"Vaa," alimwambia. "Machozi hayapiki ugali."

Hivyo ndivyo Eufrosina alivyoingia gengeni. Wifi yake alimfundisha kuinua taruma kwa miguu badala ya mgongo, kutambua kwa mlio wa nyundo msumari uliolegea, na kutomjibu Bwana Tihon kabla hajamaliza sigara yake. Miaka tisa walifanya kazi bega kwa bega, wakitupiana maneno kutwa nzima, na wenzao wakicheka.

Mwezi wa kumi mwaka ule ulikuja na ukungu mzito. Asubuhi moja walikuwa wakishindilia kokoto karibu na kona ya machimbo, macho hayaoni hatua kumi mbele. Katika siku kama hizo mtu anayaweka maisha yake masikioni. Mlinzi wa njia alipuliza baragumu, na wanawake wakakusanya vyombo, wakashuka kwenye tuta. Eufrosina alipogeuka alimwona Zinovia bado kainama katikati ya reli, sururu juu, sururu chini.

"Wifi!" aliita. "Wifi, treni!"

Sururu juu, sururu chini. Eufrosina alipanda mbio, akamshika mkanda, akamvuta kwa nguvu zake zote, wakabiringika wote wawili hadi mtaroni. Treni ya mizigo ikapita juu yao, behewa baada ya behewa, ikiwarushia upepo wenye harufu ya mafuta.

"Umerogwa?" Zinovia alifoka, akijipangusa matope. "Nilisikia! Nilikuwa namalizia taruma moja tu!"

Wenzao walicheka. Eufrosina hakucheka.

Mchana walipoketi nyuma ya kibanda cha vifaa, Zinovia alifungua kitambaa chake na kuanza kukata ugali uliopoa, na jibini la kondoo, na kitunguu. Eufrosina alikaa nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wifi, huo ugali wako mgumu hivi, tukiuweka chini ya reli si utabeba treni?"

Zinovia aliendelea kukata kitunguu.

"Ndiyo maana hukupata mume," Eufrosina aliongeza, akajiandaa kukimbia, kwa maana mtu yeyote aliyewahi kumwambia Zinovia neno hilo alikiona cha moto.

Kisha Zinovia akageuka kumpa kipande cha jibini, akaiona sura ya wifi yake, na mkono wake ukabaki hewani.

"Umesema nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu lini, wifi?"

Zinovia aliitazama midomo yake, wala si macho. "Tangu Pasaka. Sikio la kushoto lilikufa kitambo. La kulia limekuwa likizama polepole, kama ndoo kisimani. Kelele za mashine zile za kushindilia, nadhani. Au uzee. Nani ajuaye?"

"Na daktari? Si tunapimwa kila mwaka?"

"Nesi husimama pembeni ananong'ona namba. Miaka kumi namba zake ni zilezile: sitini na sita, themanini na moja. Nikamjibu hata kabla hajamaliza." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Imebaki miezi kumi na minne, Eufrosina. Miezi kumi na minne nistaafu. Wakijua leo, wananitoa kama taruma bovu, na miaka yangu yote ya kazi nzito inahesabiwa kazi ya kawaida. Nitakula nini? Usiniseme."

Eufrosina hakumsema. Tangu siku ile alisimama naye kila walipokwenda, akitazama upande ambao Zinovia hakuutazama. Treni ikitoka magharibi alimgusa kiatu kwa mpini wa koleo mara moja, ikitoka mashariki mara mbili, na Zinovia akashuka kwenye tuta akiwa bado anawatukana wengine kwa uzembe wao. Hakuna aliyegundua. Au Eufrosina alidhani hivyo.

Mwezi wa kwanza barua ikafika. Stesheni ya Podul Vechi, kilomita kumi na nane mbele, ilikuwa imefukiwa na theluji na watu hawatoshi. Genge la Salcia litoe mtu mmoja hadi majira ya kuchipua. Bwana Tihon alikuwa ameshaandika jina: Eufrosina.

Eufrosina alimfuata kibandani, akamkuta anaota moto.

"Bwana Tihon, nakuomba, mtume mwingine."

"Mwingine nani? Wote wana watoto. Wewe huna hata kuku."

"Siwezi kuondoka hapa."

"Nipe sababu niiandike."

Kupitia dirisha Eufrosina alimwona Zinovia amesimama kati ya wenzake, anatafuna mbegu za alizeti na kuwatemea maganda miguuni, na wao wanacheka. Akajiuliza kipi ni kibaya zaidi. Kisha akasema. Alisema yote kwa haraka, kama mtu anayetapika: masikio, baragumu, nesi.

Bwana Tihon hakushtuka. Aliinuka, akasukuma mlango ukafunga vizuri, akarudi kitini.

"Unafikiri mimi sijui? Mwaka mzima namfokea mgongoni na hageuki. Zinovia wa kutogeuka akitukanwa?"

"Unajua na umemwacha njiani?"

"Nimetia sahihi yangu kwamba ni mzima. Sahihi tatu. Nikiandika leo kuwa ni kiziwi, wataniuliza jana nilikuwa wapi. Na nikimtoa, siletewi mtu. Nabaki na saba, theluji hii." Akautazama moto. "Nitamweka katikati ya kundi. Wewe nenda. Na hapa hukuja kuniambia kitu, tumeelewana?"

Kesho yake, kabla ya kupanda treni, Eufrosina alimtafuta Domnica. Domnica alikuwa mdogo kuliko wote gengeni, miaka ishirini na sita, ana binti wa miaka mitano anayelelewa na bibi yake, Haritina. Eufrosina alimvuta kando ya mnara wa maji, akamweleza siri.

"Nilihisi, dada," Domnica alisema. "Juzi nilimwita shangazi mara nne, hakugeuka."

"Kaa karibu naye. Usimwache hata kidogo. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu."

"Usijali. Nitamchunga kama mbuzi wa mama yangu. Na yule mbuzi mwenyewe ana pembe!"

Eufrosina akaondoka moyo ukiwa mwepesi kidogo.

Huko Podul Vechi walichimba theluji wiki tatu. Siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana, mkuu wa stesheni alitoka ofisini bila kofia, akawaambia waache kazi, njia imefungwa. Injini ya kusafisha theluji imemgonga mwanamke wa gengeni huko Salcia. Jina? Hawakumwambia jina. Simu imekatika.

Eufrosina aliomba ampigie tena. Mkuu wa stesheni alizungusha mkono wa simu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Aliomba treni, hapakuwa na treni, kwa sababu ajali yenyewe ndiyo iliyoifunga njia. Barabara ilikuwa chini ya theluji ya kiuno. Akaanza kutembea juu ya mataruma kuelekea Salcia, na baada ya kilomita moja upepo ukamlaza chini, na wanaume wawili wa stesheni wakaja kumkokota kumrudisha. Alikaa kwenye benchi la abiria saa nne, mikono mapajani. Alimwombea Zinovia kana kwamba ameshakufa. Alimwambia Anton, huko aliko, ampokee dada yake. Treni ya kwanza iliporuhusiwa aliipanda, akashuka Salcia jioni, na mtu wa kwanza kumwona jukwaani alikuwa Zinovia, amesimama, mzima, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni.

Eufrosina alimkumbatia, akilia kwa furaha, na ilichukua muda kidogo kutambua kwamba Zinovia hakumkumbatia.

"Ni Domnica," Zinovia alisema.

Wenzake walimweleza. Walikuwa wakifagia pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Upepo mkali, theluji inaruka. Baragumu lilipopulizwa wote walishuka, Zinovia akabaki, kainama na ufagio wake. Domnica alikuwa ameitwa na Bwana Tihon upande wa pili dakika hiyohiyo kuchukua koleo. Aliitupa koleo akakimbia. Alimsukuma Zinovia kwa mikono miwili, Zinovia akaangukia theluji, lakini kiatu cha Domnica kikanaswa pale reli mbili zinapokutana.

Siku ya tatu baada ya mazishi wakaja watu watatu kutoka mjini kuchunguza. Waliketi katika chumba cha abiria wa Salcia, meza imefunikwa karatasi. Bwana Tihon alikuwa ameshaandika maelezo: marehemu alivuka njia bila kuangalia, kinyume cha kanuni. Wanawake waliitwa mmoja mmoja, wakatia sahihi. Hawakutazamana walipotoka. Kila mmoja alikuwa na nyumba.

Zinovia hakutia sahihi. Alisimama mbele ya meza akasema, kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia, kubwa mno kwa chumba kile, "Mimi ni kiziwi! Alikufa kwa sababu yangu. Mimi ni kiziwi tangu Pasaka, na nilificha!"

Mkubwa wao, mwenye miwani, aliinamia karatasi akauliza, "Cheti chako cha daktari cha mwezi wa tisa kinasema nini?"

Zinovia hakuuona mdomo wake. "Mimi ni kiziwi!" akarudia.

"Nimekuuliza kuhusu cheti."

"Andikeni! Mbona hamwandiki?"

Bwana Tihon akamshika bega kwa upole. "Ameshtuka, wakubwa. Marehemu alimwita shangazi. Hajalala tangu siku ile."

Wale watatu wakatikisa vichwa kwa huruma. Ndipo Eufrosina, aliyekuwa mlangoni, akaingia bila kuitwa.

"Anasema kweli. Mimi najua. Na mnyapara anajua, nilimwambia mwenyewe. Na Domnica nilimwambia mimi. Mimi ndiye niliyemwomba amchunge."

"Jina?"

Akalitaja.

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?"

"Podul Vechi."

"Ulimwona marehemu akigongwa?"

"Sikumwona, lakini..."

"Basi hukuwapo," mwenye miwani alisema, bila ukali. "Mama, hapa tunaandika yaliyoonekana. Daktari anasema huyu anasikia. Mnyapara anasema anasikia. Mashahidi sita wametia sahihi. Wewe hukuwapo." Na akafunga jalada kwa utepe.

Kwa hiyo kwenye karatasi Zinovia alikuwa mzima, na mtu mzima hurudi kazini. Alirudi. Genge lilipungukiwa na mtu, na Eufrosina akarejeshwa kuchukua nafasi ya Domnica. Alisimama tena kando ya wifi yake na kumgusa kiatu kwa mpini. Lakini Zinovia hakumtukana tena mtu yeyote. Akiguswa alishuka, treni ikipita alipanda. Mara mbili au tatu hakushuka mpaka Eufrosina alipomvuta, na Eufrosina hakuthubutu kumuuliza kama hakuhisi au hakutaka.

Miezi ile kumi na minne ikapita. Siku ya kustaafu walimpa cheti na saa ya ukutani, na mtu kutoka mjini akasoma hotuba ndefu, na Zinovia akamtazama midomo hadi mwisho.

Jumapili iliyofuata alichukua shoka akaenda kwa Haritina, mama yake Domnica. Eufrosina aliongozana naye. Zinovia hakubisha hodi. Aliingia uani, akakuta magogo yaliyolala chini ya banda, akaanza kupasua. Nyuma ya pazia mtoto alichungulia, kisha akavutwa ndani. Zinovia alipasua kuni hadi jasho likamlowesha, akazipanga ukutani, akaondoka. Jumapili nyingine akarudi. Mlango haukufunguliwa. Wiki ya nne, ya tano, hivyo hivyo.

Wiki ya sita mlango ulifunguka. Haritina alisimama kizingitini na shali nyeusi, mikono imekunjwa. Zinovia alikuwa amempa mgongo, shoka juu.

"Mwambie wifi yako," Haritina alimwambia Eufrosina, "kuni zake nimezigawa kwa majirani, zote. Hata kijiti kimoja hakijaingia jikoni kwangu. Naye asirudi. Wala wewe, uliyemtuma mwanangu pale. Asirudi hata mmoja wenu." Akafunga mlango. Hakuubamiza.

Zinovia alihisi labda mtikisiko wa kitasa miguuni mwake, au aliona kivuli. Aligeuka, akautazama mlango uliofungwa, akamtazama wifi yake. Usoni kwake palikuwa na tumaini ambalo Eufrosina hakuliona tangu ile Jumanne.

"Alitoka?" Zinovia aliuliza. "Nimemwona alitoka! Amesema nini?"

Eufrosina alifungua kinywa. Zinovia alikuwa akiitazama midomo yake, anasubiri, shoka mkononi.

"Amesema nini, wifi? Sema polepole."

Eufrosina aliifunika midomo yake kwa kiganja.