Maji Matupu Kwenye Maungio

"Mama Jesca, asubuhi ile ulipopaka sabuni kwenye maungio ya bomba, kweli hukuona povu lolote?"

Damari alimuuliza hivyo jirani yake Dorika siku iliyofuata ajali ya kituoni, wakipiga vichwa vya alizeti uani. Dorika hakuinua macho.

"Sikuona povu, Mama Andrea."

"Au macho yako siku hizi ni ya urembo tu?" Damari akacheka kidogo. Dorika hakucheka. Alichosema kilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Pale Misigiri, kando ya barabara kuu, kuna kituo cha majaribio kinachojaza malori gesi asilia iliyochanganywa na hidrojeni kidogo, ili moshi upungue. Mafundi walimweleza Dorika, mjane anayefagia pale, kwamba hidrojeni haina harufu, hupenya hata mwanya mdogo, na ikiwaka mchana moto wake hauonekani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza, achovye brashi kwenye kopo la maji ya sabuni apake kila ungio. Povu likivimba, aite fundi.

Jumamosi ile Dorika alibeba sabuni yote ya kituo akafulia majoho ya kwaya. Ni kazi ya Bwana, alijiambia, Jumatatu nitanunua nyingine. Jumatatu duka lilikuwa bado limefungwa, na lori lilishafika. Akaona aibu kuulizwa sabuni iko wapi. Akapaka maji matupu. Maji matupu hayatoi povu, hata bomba livuje namna gani.

"Shikamoo mama. Vipi huko?" Andrea, fundi kijana, mtoto wa Damari, alimuuliza.

"Marahaba. Hakuna povu."

Andrea akafungua valvu ya bomba la hidrojeni. Hakuna aliyeona moto. Waliona ngozi ya mkono wake ikijikunja, na Zefania, dereva wa lori, akakimbia kuifunga valvu.

Wakubwa wakasema Andrea hakukaza ungio. Ijumaa wangekaa kumfukuza kazi. Naye, mkono umefungwa bendeji, alianza kumuuliza mama yake, "Nilikaza. Au sikukaza?"

Alhamisi Damari akaja kwa Dorika, joho lake la kwaya mkononi, amuombe pasi ya mkaa. Akakaa, joho mapajani.

"Kesho twende wote kwa wakubwa," alisema. "Waambie ungio lilikuwa zima ulipolipima. Wewe unajulikana huna uongo. Wakikusikia, watamwacha mwanangu."

Dorika alikuwa ameomba tangu Jumatatu, kila mara akimwambia Mungu habari za mkono wa Andrea, na kila mara akiruka habari za kopo.

"Sikulipima, Mama Andrea."

"Ulipaka sabuni."

"Nilipaka maji. Sabuni ilikuwa imeisha. Nilifulia majoho. Ningepaka sabuni, povu lingeonekana, na Andrea asingefungua. Kesho nitawaambia mwenyewe, hata wakinifukuza mimi."

Damari aliitazama kola nyeupe ya joho lililokuwa mapajani mwake.

"Na hili?"

"Na hilo."

"Jumapili nimesimama mbele ya watu nalo. Jumatatu mwanangu anaungua. Na juzi uani nikakuuliza."

"Uliniuliza."

Pasi ilikuwa imeshashika moto, mkaa ukilia taratibu ndani yake. Damari akanyanyuka. Akalikunja joho vizuri, mikono ndani, kama watu wa kwaya wanavyokunja, akaliweka juu ya kiti alichokalia, akatoka.