Tulioachwa Mambo ya Walawi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye kiti cha bosi katika duka la vitabu la kanisa, na Biblia zetu mbili za nyumbani zimekuja kuomba kazi ya kusomwa kila asubuhi.

Kazi yenyewe ipo kweli. Bibi yangu, Atuganile, haoni tena maandishi, nami nimeahidi kumsomea sura moja kwa siku. Mara tatu nimeanza, mara tatu nimeishia Mambo ya Walawi. Jana kaniambia, "Mume wangu, ukiniacha tena humo njiani, namwita Mzee Mwakalobo aje anisomee." Mzee Mwakalobo akifungua kwa sala, chai inapoa mpaka ya jirani.

Wa kwanza ni tafsiri ya zamani, jalada jeusi, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Naifungua kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Bibi yako ananijua kwa moyo. Wewe hunielewi hata nikikohoa."

Wa pili ni tafsiri ya lugha nyepesi, jalada la jinzi. "Mambo, kaka. Mimi naeleweka hata na mtu anayekaanga mayai."

"Na bibi?"

"Ananielewa. Ila hanitambui, ananiita mgeni."

Nawauliza: nani kati yenu atanivusha Walawi?

"Twende ukajionee," inasema ya zamani, na duka linageuka zizi.

Kumbe ukiachwa njiani, unaachwa kweli. Ng'ombe na mbuzi wamepanga foleni, wanangoja kutolewa sadaka. Pembeni nimekaa mimi, tena watatu: wa kidato cha pili, wa kidato cha nne, na wa mwaka jana. Kila mmoja kaweka kidole kwenye mstari alipokomea. Kwa mkono wa pili tunacheza drafti.

"Umerudi?" ananiuliza yule wa kidato cha pili, bila kuinua macho. "Bibi yupo hapa tangu siku ile."

Kweli yupo, kwenye kigoda, kajifunika khanga, hana hata kinyongo.

"Bibi, nichague ipi?"

"Nisomee hiyo ya jinzi, ili uelewe unachokisema. Ukimaliza mstari, mimi nitakusomea wa zamani."

"Utauonaje, Bibi?"

"Nani kakwambia nasomea macho?"

Basi nasoma mstari. Bibi anaujibu kwa ule wake, taratibu, kama anauimba. Foleni inasogea hatua moja. Nasoma mwingine, inasogea tena. Wale mimi watatu wanainua vidole, wanavinyoosha, wanakunja drafti yao.

Getini mbuzi wa mwisho ananizuia. "Huo utepe mwekundu kwenye Biblia yako ni wa nini?"

"Wa kuweka alama nitakapoishia."

"Basi huuhitaji," anasema, na anaula.

Nikaamka. Kumekucha, na bibi ananiita kutoka jikoni.

"Mume wangu, unakuja, au nimwite Mzee Mwakalobo?"

"Nakuja, Bibi. Leo nakusomea ile mpya, na wewe utanisomea ya zamani."

"Nilijua," akasema, akanisogezea kigoda.

Nikaichukua ile ya jinzi mezani, nikaifungua Mwanzo. Utepe wake umebaki kipande kama ukucha, ncha imetafunwa, bado mbichi kwa mate.

Kwetu tunafuga kuku tu.