Majani ya Ngitili

Shinyanga watu huoana wakati maua yamekufa. Mvua zikinyesha, maua huchanua ovyo mpaka kwenye mitaro, lakini nani ana nafasi ya kuoa? Kila mtu yuko shambani na jembe lake. Pamba ikishauzwa, mwezi wa saba kuelekea wa nane, ndipo watu wanapokumbuka kwamba wana vijana wa kuozesha, na wakati huo ardhi imekauka kama kikaango, na jani la kijani ni la kutafuta kwa tochi.

Asteria aliyajua hayo kuliko mtu yeyote pale Ngokolo, maana kupamba harusi ndiyo kazi aliyojichagulia. Alijifunza kwa Kantaben, mjane wa Kihindi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sanket kwa jina la mwanawe. Asteria aliingia kwake kufua na kupiga deki, akapewa chumba cha uani, baada ya mama yake kufariki na shule kuishia darasa la tano. Kila jioni Mama Sanket alikaa barazani na sindano ndefu, akitunga maua ya rangi ya chungwa aliyoyaita galgota, mengine ya hekalu, mengine ya shingo za maharusi. Siku moja Asteria alisogea akaketi, akachukua sindano ya pili. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

"Mwezi wa nane hauleti maua, Asteria," Mama Sanket alimfundisha. "Mwezi wa sita ndiyo unaleta. Panda kwenye madebe, mwagilia maji ya kuoshea mchele. Ukilala mwezi wa sita, mwezi wa nane bibi harusi atashika nini? Mkia wa mbuzi?"

Mwaka ule, elfu moja mia tisa tisini na sita, Asteria alipata harusi yake ya kwanza ya kupamba mwenyewe. Bibi harusi alikuwa Scolastika, fundi cherehani aliyekaa karibu na soko, anaolewa na Luka, mtoto wa Mzee Bujiku wa upande wa Kishapu. Scolastika alikuja mwenyewe, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Sitaki yale ya plastiki," alisema. "Nimewashonea wenzangu magauni, wote wameshika maua yaleyale ya kukodi. Moja lina doa la mchuzi, nalijua kama ninavyojua jina langu. Mimi nataka maua yaliyo hai. Utaweza?"

Asteria alitazama chini, akakubali kwa kichwa. Kusema hakukuwa kazi yake nyepesi.

Hakumwambia Scolastika jambo lililokuwa nyuma ya kile kichwa. Kaka yake Ngassa alikuwa amekuja kutoka Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, kumchukua. Duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa limeanza kutoa, na wachimbaji walihitaji mtu wa kuwapikia.

"Mdogo wangu, utakaa chumba cha uani cha watu mpaka lini?" Ngassa alimwuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la mawe. "Kule utakuwa na jiko lako. Sasa hivi anatupikia mzee mmoja, ugali wake ukiurusha ukutani unarudi."

Asteria aliwahi kufika Nyarugusu. Alikumbuka wanaume waliopiga miluzi, na namna alivyotembea akihesabu mawe ili asiinue uso.

"Niachie harusi moja, kaka," alisema. "Ikienda vizuri, niache hapa na kazi yangu. Nikishindwa, nafunga mzigo."

"Haya. Neno ni lako, si langu."

Mambo yakaharibika kwenye madebe. Mwezi wa sita alipanda kama alivyofundishwa, lakini mwezi wa saba bomba la Ngokolo likakauka, na maji ya kuoshea mchele hayapatikani pasipo maji ya kupikia mchele. Nusu ya galgota zilijikunja zikafa. Zilizobaki zilichanua vizuri, kubwa, nyekundu kwa ndani kama makaa, ila hazikutosha kushikwa mkononi, sembuse kupamba mlango wa kanisa.

Siku mbili kabla ya harusi alipanda lori la pamba kwenda Kishapu, ambako ndoa ingefungwa, madebe yake yamefunikwa gunia lenye maji. Alifikia kwa mama mdogo wa Scolastika, jirani na kanisa. Jioni akatoka kutafuta chochote cha kujazia.

Mashamba yalikuwa meupe kwa mabaki ya pamba. Kando ya barabara vumbi tupu, nyasi zimegugunwa mpaka mzizi. Kisha, baada ya kilima kidogo cha mawe, akasimama. Mbele yake majani yalisimama mpaka kiunoni, ya rangi ya asali, vichwa vyake vya mbegu vimelegea kama manyoya, na jua la jioni limeyapita katikati. Upepo ulipopuliza, uwanja mzima ulilala ukainuka tena.

Asteria alicheka peke yake. Aliona tayari: vichwa vile vimetandazwa kama mkia wa tausi, galgota zimekaa moyoni, shina limezungushiwa pamba mbichi iliyosokotwa. Alitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na uzio, hapakuwa na miba, hapakuwa na mtu. Akakata mzigo mkubwa.

Mtoto yeyote wa kijijini angemwambia. Lile lilikuwa ngitili, malisho ambayo ukoo huyaacha yasiguswe tangu mvua, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate pa kutia mdomo. Ngitili haina uzio. Mpaka wake unakaa vichwani mwa watu, kuanzia jiwe lile mpaka njia ile, na kila mchungaji anaujua. Ina siku yake ya kufunguliwa, na kabla ya siku hiyo hakati mtu. Neno hilo Asteria alilisikia utotoni kama kila Msukuma, lakini alikua mjini na hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Kwake yalikuwa majani mazuri tu.

Alifanya kazi chumbani, dirisha limezibwa kwa khanga ili maua yasinyauke, na kwa hiyo hakuna aliyeona. Scolastika alipofunguliwa mlango asubuhi ya harusi alishika mdomo.

"Asteria! Umelitoa wapi jambo hili?"

"Hapahapa," Asteria alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu na meno.

Alikwenda kanisani mapema, akafunga mafungu ya majani pande mbili za mlango kwa utepe mweupe. Alikuwa anarudi nyuma atazame kama yamelingana, aliposikia sauti.

"Jamani! Jamani njooni! Leo majani ya ngitili yamekuja kusali!"

Alikuwa mjane mmoja mwembamba, Mbuke, na sauti yake haikulingana na mwili wake. Watu walitoka kila upande.

"Mwaka jana nilikata mzigo mmoja," Mbuke aliendelea, mikono kiunoni. "Mzigo wa kichwani! Ndama wangu alikuwa hasimami. Mzee Bujiku akanitoza mbuzi. Nikatoa mbuzi, nikanyamaza. Kumbe ningeyafunga utepe yangekuwa halali!"

Watu wengine walicheka, wengine hawakucheka kabisa. Mzee Bujiku akaja. Alikuwa amevaa koti zito lisilofaa jua lile, na viatu vipya vilivyomfanya atembee kama anakanyaga mayai. Ngitili ile ilikuwa ya ukoo wake na yeye ndiye msimamizi. Akashika shina moja, akalinusa, kana kwamba alitumaini litakuwa kitu kingine.

"Nani amekata?"

Luka, bwana harusi, alitazama viatu vyake. Asteria aliona jinsi uso wa mzee ulivyobadilika. Watu wangesema Bujiku huwatoza wajane na kuwapamba wanawe, na wangelisema miaka yote, kila kiangazi, kila atakapokemea mtu. Naye Asteria hakujulikana na mtu pale. Angeweza kurudi nyuma hatua chache tu akawa miongoni mwa wageni.

"Ni mimi," alisema.

"Nani? Sema kwa sauti, binti. Mimi si padri, usininong'oneze."

"Ni mimi, baba. Shikamoo. Hakunituma mtu. Bibi harusi hajui, bwana harusi hajui. Mimi ndiye mpambaji."

"Marahaba. Wewe ng'wana nani?"

"Wa Masunga, wa Ngokolo."

"Ngokolo hamfugi?"

"Tunafuga mbwa, baba."

Kicheko kililipuka mpaka kwa wanakwaya. Asteria hakuwa ametania, na masikio yake yaliwaka moto. Mzee Bujiku mwenyewe alijikuna shavu.

"Nilitazama uzio, sikuona," Asteria aliongeza, maana sasa mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Niliona majani yamependeza. Nimekosa."

Mzee alivua koti lake, akalitundika begani.

"Faini ipo," alisema, akiwageukia watu zaidi kuliko Asteria. "Haijaondoka kwa sababu ni harusi ya mwanangu. Mbuzi huna, nimeona. Siku ya kufungua ngitili utakuja, utamkatia mama huyu, Mayu Mbuke, majani mpaka ng'ombe wake aseme basi. Na haya yatoke mlangoni sasa hivi, yote, na ya mkononi mwa bibi harusi pia. Umesikia, Mbuke? Ni yako."

"Ya mwaka jana je?" Mbuke aliuliza. "Mbuzi wangu?"

"Tutaongea," Mzee Bujiku alisema, na kila mtu alielewa kwamba lilimuuma kulisema.

Asteria alifungua utepe, akambebesha Mbuke majani. Mbuke aliyapokea kwa madaha.

"Wabeja, asante, binti. Leo ng'ombe wangu naye ni mgeni mwalikwa."

Kumwambia Scolastika kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mzee. Scolastika, amekwishavaa gauni alilojishonea mwenyewe kwa miezi mitatu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalikabidhi fungu lake. Asteria alichomoa galgota moja moja. Bila majani zilijaa bakuli tu.

"Zinatosha nini?"

"Uzi mmoja," Asteria alisema. "Wa kichwani."

Scolastika aliingiza kidole chini ya ukosi wa gauni akachomoa sindano. Fundi haendi popote bila sindano, hata madhabahuni. Walitunga wote wawili, magoti yamegusana, kila mmoja kuanzia ncha yake ya uzi, mpaka wakakutana katikati.

"Usilie juu ya gauni langu," Scolastika alisema. "Lia ukisogea huko."

"Silii."

"Basi mimi."

Akaingia kanisani na taji jembamba la rangi ya chungwa juu ya shela, mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Mara aishike mbele, mara aiachie. Mlango haukuwa na kitu ila vipande viwili vya utepe ambavyo Asteria alisahau kuvitoa. Asteria alikaa benchi la mwisho, na mbele yake mama mmoja aliyekuja kutoka Ngokolo alimwinamia mwenzake.

"Masikini, hata yale ya plastiki alikosa?"

"Labda walichelewa kukodi."

Kwa hiyo ndivyo itakavyosimuliwa mjini. Asteria alingoja moyo uvunjike. Ulivunjika kidogo, lakini hata kabla ya mahubiri kwisha alijikuta anafikiria mambo mengine. Angepanda mara mbili, mwezi wa tano na mwezi wa sita, galgota za kwanza zikifa za pili zishike. Madebe mengine angeyaweka kwa watu wenye visima. Na pamba je? Vitumba vilivyopasuka, juu ya mashina yake yaliyokauka, vyeupe, vimejaa mashambani, na angeomba kwa mwenye shamba, mapema, kwa mdomo wake. Vitumba na galgota. Hapana, galgota chache zaidi, vitumba vingi. Alikuwa anachora kwa kidole juu ya goti lake.

Ngassa alifika wakati wa chakula, kwa baiskeli ya kuazima. Alikuwa hajamaliza tonge la tatu, tayari ameshasimuliwa habari yote na watu wanne tofauti, na katika masimulizi ya wa nne Asteria alikuwa amefyeka ngitili nzima. Alimkuta dada yake nyuma ya jiko akiosha bakuli.

"Nimesikia," alisema taratibu. "Pole, mdogo wangu."

"Asante, kaka."

"Tutaondoka Jumatatu basi. Au tungoje kwanza hiyo faini yako?"

Angeweza kujificha nyuma ya faini. Ngassa angeikubali, ni mtu wa kuheshimu faini. Asteria aliweka bakuli chini, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Nimeshindwa, kaka. Nimeshindwa mbele ya kanisa zima. Na siendi."

Ngassa aliacha kutafuna. "Neno lilikuwa lako, Asteria."

"Lilikuwa langu. Nalirudisha." Safari hii hakutazama chini. "Nilidhani nikishindwa nitachoka na kazi hii. Sikuchoka. Nilipokuwa naaibika, nilikuwa napanga ya mwakani. Nikienda kule nitawapikia vizuri, na nitakuwa mtu mbaya."

Ngassa alimtazama kama mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa mbali. Kisha akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akameza tonge lake.

"Na mimi nani atanipikia?" aliuliza mwishowe, nusu kwa utani, nusu kwa uchovu wa kweli.

"Oa," Asteria alimjibu. "Ila uniambie kabla ya mwezi wa tano."