Griffin Katika Gemu Zijazo

Jumamosi saa kumi alasiri, Caren Amolo alifunga pazia la chumba chao mtaani Manyatta ili jua lisimharibie video, akaegemeza simu kwenye debe la unga, kamera ikimtazama usoni, kisha akaketi mbele ya kompyuta kungoja gemu mpya zitangazwe. Kushoto kwake aliacha kiti kitupu cha plastiki. Kazi yake ilikuwa kutazama matangazo ya gemu ambazo hazijatoka huku akijirekodi, ili watu elfu kumi na moja wanaomfuata mtandaoni waone anavyoshangaa. Aliianza kazi hiyo pamoja na kaka yake, Griffin. Griffin ndiye aliyekuwa fundi wa kupiga mayowe. Caren alikuwa wa kuuliza tarehe ya gemu kutoka.

Kiti kilikuwa kitupu tangu siku ya maandamano ya Juni, Griffin alipotoka kununua sukari na wanaume wanne wakamtia ndani ya gari jeupe lisilo na namba. Muuza viazi wa pale njiani aliona yote. Kwenye kituo cha polisi walisema hawana mtu wa jina hilo.

Gemu ya kwanza ilikuwa ya ukulima, na Caren akawasifu ng'ombe wake kwa moyo mweupe. Ya pili ilikuwa ya mashujaa wanaopigana na majitu katika mji wa theluji. Jitu moja lilipoangusha mnara, wenyeji walikimbia mitaani, na kati yao akapita Griffin, amevaa jezi yake ya njano yenye kiraka begani. Hakukimbia kama wenzake. Alikokota miguu, mikono yake haionekani. Kisha skrini ikaingia giza na maandishi yakatokea: INAKUJA KARIBUNI.

"Picha ni safi," Caren aliiambia simu. "Theluji wameiweza. Na huyo wa njano ni Griffin. Tarehe hawajasema."

Watu wakatoa maoni yao kama kawaida. Mmoja alilalamika kwamba majitu ni yale yale ya mwaka jana. Mwingine aliandika, "Griffin amekonda jameni, mnasema gemu gani hii isiyolisha watu?"

Tangu hapo hapakupita wiki asionekane. Katika gemu ya mbio za magari alisimama kando ya barabara. Katika ile ya vyombo vya angani alikuwa mwisho wa ushoroba, karibu na mlango uliofungwa. Hakupewa hata neno moja la kusema, na shujaa wa gemu alimpita kila mara bila kugeuza shingo.

Mama yao, ambaye Manyatta nzima humwita Mama Griffin, aliuza omena soko la Otonglo. Akirudi, alinawa mikono mara mbili kabla ya kukaa mbele ya skrini. Ile ya theluji ndiyo aliyoipenda, kwa sababu humo mwanawe alionekana kwa karibu.

"Simamisha hapo nimwone," alisema siku moja.

Caren akasimamisha. Theluji ikaning'inia hewani na mguu wa jitu ukabaki juu. Griffin peke yake ndiye ambaye hakusimama. Alijikokota hadi kwenye ngazi za duka, akageuka, akaketi. Hapo ndipo walipoiona mikono yake: ilikuwa nyuma, imefungwa kwa kamba nyeusi ya plastiki, ile mafundi wa stima hufungia nyaya.

"Amechoka," Mama akasema. "Usiguse. Muache apumzike."

Basi ile picha ikakaa vile vile, imesimamishwa, kila stima ilipokuwepo. Stima ikipotea, Mama alinuna mpaka irudi, kwa kuwa alijua mtoto ameinuliwa tena kutembea.

Mwezi wa nane Mzee Odongo, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, alikuja kutoka nyumbani Bondo. Walimwekea kiti, akamtazama Griffin kwa adabu mpaka chai ikaisha.

"Ameketi vizuri," alisema. Kisha akatoa kilichomleta. Boma haliwezi kukaa na mtu asiyejulikana kama analiliwa au anangojwa. Wazee walikuwa wameamua. Jumamosi ya wiki ijayo wangezika yago.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Yago ni tunda refu, zito kama mkono wa mwanamume, na mtu aliyepotea bila mwili kupatikana huzikiwa hilo badala yake. Likishafukiwa, mambo yamekwisha. Hata mwenyewe akitokea siku moja kwa miguu yake, hawezi kupita langoni, maana aliyezikwa haingii bomani.

"Mtoto namwona hapo," Mama akasema. "Nizike tunda huku ananiangalia?"

"Basi mniambie yuko wapi, Mama Griffin. Mkijua alipo, hatuziki."

Usiku huo Mama hakula. Asubuhi Caren alivuta kiti karibu na skrini akaikagua picha kipande kwa kipande, na mwishowe akauona ukuta. Maduka yote ya ule mji yalikuwa ya mawe. Lakini pale alipoegemea Griffin, ukuta ulikuwa wa plasta, kijani chini na nyeupe juu, umeandikwa STOO B, na kando yake bomba linalovuja. Caren alipiga picha kwa simu akaenda nayo kituoni.

Afande Wakhisi, mpole na mwenye subira, aliitazama kwa miwani na bila miwani.

"Hiyo ni stoo yetu," alisema. "Lakini picha ni ya kitambo. Tulipaka rangi ingine mwezi wa saba. Hao watu wa gemu wangeuliza kwanza."

"Na yeye, afande?"

"Huyo hakuandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio. Mtu hajaandikwa, utasema aje alikuwa hapa?"

Akamwonyesha dirishani. Stoo ilikuwa ya buluu, ingali inanukia rangi, mlango wazi. Ndani mlikuwa na mifagio na matairi mawili. Bomba lilikuwa bado linavuja.

"Hiyo gemu inatoka lini?" Afande akauliza.

"Hawajasema."

"Basi ikitoka, urudi. Saa hii hiyo ni tangazo tu."

Caren alirudi kwa miguu, na hasira ilimbana hata akashindwa kuwasalimu majirani. Mama alipomuuliza, alisema hawajui kitu. Neno la stoo iliyokwisha kupakwa rangi nyingine alibaki nalo. Hakuthubutu kulitoa.

Alhamisi kampuni ilitangaza kwamba gemu ya theluji imefutwa, na tangazo lake likaondolewa mtandaoni. Caren alikuwa na nakala. Alipoifungua, mji ulikuwepo, theluji ilikuwepo, na ngazi za duka zilikuwepo bila mtu. Mama alizitazama mpaka chakula kikaungua jikoni.

"Mwambie Odongo achume yago," akasema.

Walizika Jumamosi. Katekista Nicodemus aliomba, na Mama alilibeba tunda mwenyewe hadi kaburini, limefungwa kwa shuka la Griffin, asitake kusaidiwa.

Mwezi uliofuata, saa kumi alasiri, Caren alifunga pazia na kuegemeza simu kwenye debe. Kile kiti cha kushoto sasa alikikalia Mama. Ilitangazwa gemu ya mpira wa miguu. Bao lilifungwa, uwanja mzima ukasimama, na kelele zikajaa chumba, lakini katika maelfu yale hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa na mikono nyuma. Safu ya tatu alisimama Sheryl, binti wa fundi cherehani wa jirani, ambaye picha zake za kutafutwa bado zilikuwa zimebandikwa kwenye nguzo za stima. Juu kabisa, kwenye kona, palikuwa na jezi ya njano. Mama aliiona. Akafungua mdomo, kisha akaufunga na kutazama sakafu, kwa sababu aliyezikwa haitwi.

"Nyasi wameziweza," Caren aliiambia simu. "Inatoka Septemba mwakani."

Halafu akasimamisha picha. Mpira ukabaki hewani, na safu baada ya safu, uwanja mzima ukaketi.