Sijambo ya Delphia Stidham

Wakili Tackett alikuwa amemwonya Delphia Stidham mapema: leo afunge mdomo. Mahakama ya Pikeville, huko Kentucky, Marekani, haikumwita kutoa ushahidi. Ilikuwa inapitia tu uamuzi wa ofisi ya mafao, iliyomnyima malipo ya ulemavu. Miaka nenda miaka rudi Delphia alikuwa akiwainua wazee vitandani katika makao ya wazee, mpaka mgongo wake ukakataa kazi.

Kunyimwa kulimuuma, lakini kuitwa mwongo kulimuuma zaidi. Afisa aliyesikiliza madai yake alisema mama huyu anatia chumvi. Ushahidi? Kila alipokwenda zahanati, nesi alimuuliza hali, naye akajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu. Wewe je?" Nesi akaandika kwamba mgonjwa anasema hajambo. Sasa alitakiwa ajibu nini? Katika milima ile ya Kentucky, mtu akisalimiwa akaanza kutaja maumivu yake, huonekana hakulelewa. Mama mzazi wa Delphia alikufa kwa saratani, na mpaka siku anakata roho alikuwa hajambo.

Wakili wa serikali, Bwana Whitlow, alisimama macho mekundu, leso mkononi.

"Hujambo, wakili?" jaji akamuuliza.

"Sijambo, Mheshimiwa. Asante."

Kisha akaanza. "Mama huyu amesema kwa kinywa chake, tena na tena, kwamba hajambo. Tumwamini nani kama si..." Kikohozi kikamkamata, akashika meza kwa mikono miwili.

Delphia akainuka. "Na wewe si umesema hujambo?"

"Mama, kaa chini!" Tackett akamvuta mkono wa sweta.

"Nikae vipi, mwanangu? Kukaa ndiko kunakoniua!"

"Mama," jaji akasema, "hapa huna ruhusa ya kusema."

"Najua, Mheshimiwa. Kule nilikoruhusiwa hawakunisikia. Basi nitasimama kimya."

Akasimama, ameng'ang'ania benchi la mbele. Asingekaa hata kama wangeita askari.

Jaji akamgeukia Whitlow. "Wakili, unaumwa?"

"Mafua kidogo, Mheshimiwa. Na homa."

"Lakini nilipokuuliza ulisema hujambo."

"Ah, ile ilikuwa salamu tu, Mhe..."

Alijaribu kurudi kwenye hoja yake, lakini hata karani alikuwa amejiinamia kuficha kicheko. Tackett aliposimama alisema tu kwamba hana la kuongeza, na pengine hayo ndiyo maneno bora aliyowahi kuyasema mahakamani.

Jaji akaufuta uamuzi. Madai yarudi ofisini yakasikilizwe upya, akasema, na salamu ya mtu isigeuzwe cheti cha daktari.

Nje kwenye korido Tackett hakutaka kumdanganya. "Mama, hawajakubali kukulipa. Wameamriwa wakusikilize tena, basi. Na itachukua muda."

"Nani atakayesikiliza?"

Tackett akakuna kichwa. "Mara nyingi hurudishwa kwa yule yule. Aliyesema unatia chumvi."

"Yule yule?" Delphia akafunga vifungo vya koti lake taratibu, kimoja kimoja, huku akitabasamu. "Afadhali. Nilikuwa naogopa wataniletea mwingine, ambaye hakuniita mwongo."