Sifa Aliyopewa Mgeni

Mimi Nasma sijawahi kuogopa kipaza sauti, kwa nini nidanganye? Mzee Mahamudu, mwenyekiti wa ligi yetu hapa Namungo, Ruangwa, aliponiambia, "Tangaza mechi moja. Ukiiweza, msimu wote wako. Ukiiharibu, anarudi Masoudi," nilimjibu, "Masoudi akapumzike tu, baba."

Nilikuwa na neno langu la Kiingereza, fleet-footed, nililolitoa kwenye kamusi ya shule. Nilimwekea Imrani, winga wetu wa Ruangwa. Huku kwetu mchezaji huandaliwa sifa yake kabla ya mechi, na sifa ya nyumbani hapewi mgeni. Hata mtoto analijua hilo.

Kabla ya filimbi nikawafundisha mashabiki. "Semeni: fliiti-futedi! Ni mtu mwenye mbio na wepesi, mguu haukai chini!"

Masoudi, mtangazaji wa msimu uliopita, roho inamuuma, akadakia, "Kama bodaboda yangu!"

"Bodaboda ina mbio, miguu iko wapi? Hili ni la mwenye miguu, kaka. Na lori la ufuta usiliite hivyo." Watu wakacheka mpaka basi.

Mpira ukaanza. Imrani, jamani! Siku hiyo alikimbia kama kabeba gunia la korosho. Aliyekimbia kweli ni Dastani, winga wa Nachingwea, mwembamba, hana maneno. Aliuchukua mpira karibu na goli lao, akampita wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafunga.

Nilijua nitakachopoteza. Nikasema hivyo hivyo.

"Dastani! Fleet-footed! Neno lenyewe ndilo hilo, mmeliona kwa macho yenu!"

Uwanja ukachafuka. "Umelogwa wewe?" "Unawapa watani sifa yetu!" Mzee Mahamudu akaja mbiombio, akaninyang'anya kipaza sauti. "Hilo neno la Imrani, binti!"

"Nisamehe baba, lakini ni la anayekimbia. Nikimpa Imrani leo, nitakuwa nimewafundisha uongo watu wote hawa."

"Kaa chini."

Nikakaa. Iliniuma, sifichi, machozi yalinilengalenga. Masoudi alikuwa ameshaanza kusogea, anasafisha koo.

Kabla Masoudi hajafika, Dastani akaupata mpira tena. Mabeki wetu wawili wakamvaa, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Yeye alishapita zamani. Watu wa Ruangwa wote wakasimama, kina mama na khanga zao mkononi, na Mzee Mahamudu, kipaza sauti bado kakishika karibu na mdomo, neno likamtoka bila kujijua.

"Fliiti-futediii!" Spika zikalipeleka mpaka machimboni.

Hakuna aliyezomea. Mpira ulikuwa umeshatikisa nyavu. Mzee akakitazama kile kipaza sauti, akamtazama Masoudi, kisha akaja kunipa mimi.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Tunafungwa, lakini angalau hatudanganywi."